Jani la Tano

Ngokolo, Shinyanga
21 Julai 2024

Kwako Generosa,

Pokea salamu, wewe na mumeo Abel, kama ameshatoka kwenye mashimo ya dhahabu Nyarugusu. Sisi tupo. Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu imenishinda. Mashine za kiwanda cha pamba zilimaliza masikio yangu kabla sijastaafu, na ujumbe wa maandishi, kwa vidole hivi vya fundi mitambo, naishia kutuma herufi tatu tu. Barua hii anakuletea Sostenes, kondakta wa basi la Geita. Jibu mpe yeye huyo huyo, ni mtu mwaminifu ila anapenda maneno.

Mama yako anapiga, hupokei. Ni mwaka na miezi minne sasa. Sikulaumu. Ulimzika mtoto wako wa kwanza na sisi wazazi wako hatukuwepo, na ujumbe niliokutumia siku ile ulisema tu, hatutafika, mama yako hawezi safari. Ningekuwa wewe na mimi ningenuna.

Lakini sikiliza. Tangu alipoanguka kisimani, wiki ile baada ya msiba wako, mgongo wa mama yako haujapona. Halali chali, hakai zaidi ya dakika kumi, na sasa hali chakula. Safari ya mwisho hospitalini daktari aliniandikia kwenye karatasi, maana sisikii: asisumbuliwe, apewe anachotaka. Nadhani unaelewa maana ya maneno hayo.

Anachotaka ni kimoja. Anataka kukaa kwenye kaburi la mjukuu wake Asteria siku ya Marehemu Wote, tarehe mbili Novemba. Na hataki gari la mtu, anataka Datsun letu. Nimembembeleza, amekataa. Wewe unaijua hiyo Datsun 120Y, ina umri mkubwa kuliko wewe, na nyuma inaruka kama mbuzi. Akipanda vile ilivyo hatufiki hata Kahama.

Wewe ulifundishwa magari makubwa ya mgodini. Hakuna namna ya kuifanya nyuma yake iwe laini?

Baba yako,
Januari


Kalangalala, Geita
3 Agosti 2024

Shikamoo Baba,

Barua nimeipata. Abel yuko Nyarugusu, anatoka mara moja kwa mwezi. Tangu Asteria alipofariki nyumba haimkai, na mimi simshikilii.

Nitalitengeneza gari. Sijasema zaidi ya hapo. Sitaki kusoma tena habari za nani hakufika na kwa nini, nimechoka nazo.

Kazi yenyewe ni hii. Springi zako za nyuma ni zile za majani, vipande vya chuma bapa vinavyolaliana. Ni imara ila ni ngumu, hasa gari likiwa tupu. Tutazitoa zote. Badala yake nitakutengenezea mikono minne ya chuma, koili mbili, yaani springi za kujiviringa, na shokapu mbili, vyote vinafungwa kwa boliti kwenye matundu yale yale yaliyoshika springi. Hukati kitu, huchomelei kitu. Utaweza mwenyewe kwa jeki na spana zako. Nilifunga seti ya namna hiyo kwenye gari la mkandarasi mmoja nilipokuwa Buzwagi, kabla mgodi haujafungwa, na yule mzee alisema amesahau kama barabara ina mashimo.

Ila lazima vipimo viwe sawasawa. Nitumie springi nzima ya upande mmoja, pamoja na boliti yake ya katikati. Gari liweke juu ya magogo, usiliache kwenye jeki.

Na nijibu swali moja. Mwaka 2014, nilipokuwa chuo cha ufundi, uliniomba nikuongezee jani la tano, lile nene la lori, ili ubebe pamba ya wajomba kwenda mnadani. Ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Nilikwambia likizo ya Desemba nitarudi nilitoe, sikurudi, nikapata kazi mgodini. Ulilitoa? Jani lile si la kubebea binadamu.

Generosa


Ngokolo
11 Agosti 2024

Kwako Generosa,

Marahaba, mwanangu. Springi ya kushoto nimemkabidhi Sostenes, imefungwa kwenye kiroba. Amelalamika uzito mpaka nikafurahi kwamba sisikii.

Jani la tano nililitoa siku nyingi, mwaka ule ule. Usijisumbue na hilo.

Gari lipo juu ya magogo ya mjohoro uani, kuku wameshahamia chini yake. Nimepima kutoka ekseli hadi sakafu mara tatu na vipimo vipo kwenye karatasi ya pili. Mama yako anaangalia kutoka kitandani, dirisha nimelifungua kwa ajili hiyo. Kila nikiinua kichwa namkuta ananitazama. Amekonda, Generosa. Mikono yake imekuwa ya mtoto.

Amemwita Zipora, yule jirani wa jumuiya, amwandikie maneno yake hapa chini. Sijui amesema nini, mimi nilikuwa chini ya gari.

Baba yako,
Januari

*Mayu Generosa, mwanangu, ni mimi mama yako, anaandika Zipora. Wabeja, asante kwa kukubali kazi. Lifanye laini lakini lisiwe laini mpaka nisinzie. Safari hii nataka kuiona njia yote mpaka mwisho. Unakula? Philomena.*


Kalangalala
8 Septemba 2024

Shikamoo Baba,

Sanduku lina mikono minne, koili mbili, shokapu mbili na boliti kwenye makopo manne, kila kopo lina namba. Anza na kopo la kwanza. Mikono ya chini ifunge kwanza mbele, halafu kwenye ekseli, na boliti usizikaze kabisa mpaka gari liwe limeshuka chini kwa uzito wake. Ukizikaza likiwa hewani, raba za bushi zitajipinda na gari litaendelea kuruka, kazi yote itakuwa bure. Koili ziingie mwisho. Nimezichagua dhaifu makusudi. Zimekadiriwa kwa dereva mmoja na mtu mmoja mwepesi nyuma.

Kimebaki kitu kimoja, fito la kukingama linaloshika ekseli isicheze kushoto na kulia. Bila hilo fito gari litayumba, usiliendeshe hata kwenda sokoni. Bado nalitengeneza.

Sasa naomba unijibu, na unijibu kweli.

Springi uliyoituma ina majani manne. Jani la chini kabisa, kwa chini, linang'aa. Kingoni lina kutu na tope, tumboni ni jeupe kama sufuria mpya. Jani likikaa wazi miaka kumi halibaki hivyo. Palikuwa na jani jingine limelala hapo hadi mwezi uliopita. Na boliti ya katikati ni ndefu ile ile niliyoinunua mimi kwa ajili ya majani matano, umejazia nafasi kwa pete mpya za washa.

Jani langu lilikuwemo, Baba. Umelitoa juzi, kabla ya kunitumia.

Kwa nini unifiche kipande cha chuma? Nimelala na swali hilo siku tisa. Halafu nikasoma tena maneno ya Mama. Safari hii anataka kuiona njia mpaka mwisho. Safari ipi nyingine aliyoianza kuja Geita asifike?

Mama aliumia wapi?

Generosa


Ngokolo
15 Septemba 2024

Kwako mwanangu Generosa,

Nimekosa mahali pa kujificha. Nilisahau kwamba nimesomesha fundi.

Mama yako hakuanguka kisimani. Siku uliyotupigia kwamba Asteria amefariki, Zipora ndiye aliyepokea akaniandikia ukutani kwa mkaa, kwa haraka. Mazishi yalikuwa kesho yake saa nane. Tuliondoka alfajiri kwa Datsun. Mama yako alikaa kiti cha nyuma, amepakata shuka jeupe jipya la kumfungia mtoto. Alisema mjukuu wake hafungwi kwa shuka la kununuliwa na watu baki.

Tulifika Kahama vizuri. Baada ya Kakola barabara ilikuwa imechimbika na mimi nilikuwa naangalia saa kuliko njia. Gari tupu, jani la lori chini yake. Tulipopiga shimo la kwanza nyuma iliruka, nadhani alirushwa hadi juu akarudi chini kwa kukaa. Nasema nadhani kwa sababu sikusikia. Alipiga kelele nisimame na mimi sikusikia. Niliendelea. Nilipiga mashimo mengine, sijui mangapi. Nilipotazama kioo sikumwona, alikuwa amelala chini kati ya viti, na lile shuka amelikumbatia.

Huko nilikoegesha ndiko nilikokuandikia ujumbe ule, hatutafika. Nilibonyeza herufi moja moja. Halafu nikageuza gari taratibu hadi hospitali ya Kahama.

Yeye ndiye aliyesema usiambiwe. Alisema mtoto amezika mtoto, asibebeshwe na hili. Tukatunga kisima. Basi wewe ukanuna na yeye akakubali kununiwa. Kila simu uliyoacha kupokea alisema, afadhali anikasirikie mimi kuliko ajikasirikie mwenyewe.

Jani nililiomba mimi. Kulitoa nilikuwa na spana zote na mikono yote miwili, sikulitoa. Na gari nililiendesha mimi. Kama unatafuta wa kumlaumu, umempata, wala huna haja ya kwenda mbali.

Tuletee hilo fito.

Baba yako,
Januari


Ngokolo
6 Oktoba 2024

Kwako Generosa,

Wiki tatu, kimya. Sostenes anashuka kwenye basi ananionyesha viganja vitupu.

Kila kitu kimefungwa. Boliti nilizikaza gari likiwa chini, kama ulivyoagiza. Nikilikandamiza kwa mkono linashuka na kupanda polepole, halitoi ule mruko. Nimelisukuma hadi getini, likaelea upande, nikalirudisha. Kimebaki fito tu.

Kama umekasirika, kasirika na ulitume.

Baba


Ngokolo
24 Oktoba 2024

Generosa,

Siku tisa zimebaki kufika tarehe mbili. Mama yako anakunywa uji vijiko viwili. Amemwomba Zipora amfulie lile shuka.

Haniulizi habari za fito. Anauliza tu leo ni tarehe ngapi.

Baba


Kalangalala
3 Novemba 2024

Baba, shikamoo. Mama, shikamoo,

Fito ndilo hili. Lilikuwa tayari tangu tarehe kumi na nane Septemba. Lilisimama pembeni ya mlango wa gereji na kila asubuhi nilipita nikaliona.

Sina maelezo ya maana. Niliposoma barua yako nilifunga gereji nikaenda kukaa nyumbani. Mwaka mzima nilikuwa nimembeba mama yangu moyoni kama mtu aliyekataa kuja kunizikia mwanangu. Nilimsema kwa majirani. Nilimsema kwa Abel. Kumbe yeye kalala na mgongo uliovunjwa na kazi ya mikono yangu, anapiga simu, na mimi naitazama inalia mpaka inakata. Nilijiambia nikituma fito watakuja, na wakija nitamtazama vipi. Nikaona afadhali wasije. Niliogopa, Baba. Hakuna neno jingine.

Jana nilikwenda makaburini peke yangu. Watu walikuwa wengi, padri alipita akinyunyizia maji, kila kaburi lilikuwa na watu wawili watatu na mishumaa yao. Mama mmoja wa kaburi la jirani akaniuliza, wewe dada huna wenzako? Nikamwambia wapo njiani. Ilinitoka tu. Nikakaa mpaka mishumaa ya watu imeisha, nikiangalia njia, na ninajua kabisa ni nani amewazuia.

Siku yenyewe nimeshaipoteza. Naomba msiache kuja. Mama asikasirike na tarehe, akasirike na mimi.

Boliti ya fito ni ile yenye alama ya rangi nyekundu. Ikaze kwa nguvu zako zote halafu zungusha robo moja zaidi.

Generosa


Ngokolo
6 Novemba 2024

Kwako Generosa,

Limeingia. Jana nimeweka karai la maji kwenye kiti cha nyuma nikaenda hadi relini na kurudi, nimepita makusudi kwenye matuta yote. Kiti kimelowa mahali pa ukubwa wa kiganja. Nimemwonyesha mama yako kwa kuleta karai lenyewe kitandani. Ametia kidole ndani akacheka, na kucheka kunamuuma, akaniambia kwa ishara nitoke.

Kuhusu tarehe amesema marehemu hawana kalenda.

Tunakuja Jumamosi, tarehe tisa. Atalala kwenye godoro kiti cha nyuma. Nimefunga kamba ya katani kutoka mkononi kwake hadi begani kwangu. Akivuta mara moja napunguza, akivuta mara mbili nasimama. Safari hii nitasikia.

Baba yako,
Januari


Kalangalala
14 Novemba 2024

Shikamoo Baba,

Nyumba imekuwa kimya tangu mlipoondoka Jumapili. Godoro dogo bado lina harufu ya mafuta yake ya mgongo, sijalianika.

Nataka kuandika yale ambayo hukuyasikia, kwa sababu ulisimama mbali kidogo, na hata ungekuwa karibu usingeyasikia. Tulipomweka kwenye kigoda pembeni ya kaburi alikaa amelipakata shuka. Dakika zake kumi zilipita, zikapita nyingine kumi. Nilimwuliza kama anaumia. Akasema anaumia, niache. Halafu akalitandika lile shuka juu ya kaburi, akalinyoosha pembe moja moja, pale mkono ulipokuwa haufiki akaniambia vuta huko, Mama Asteria.

Baba, hakuna aliyeniita hivyo tangu nizike. Watu wanaogopa kulitaja. Wananiita fundi, wananiita dada, hata Abel ananiita Generosa. Nilidhani jina lile limekwisha pamoja na mtoto. Nikavuta ile pembe, nikalia, naye akanitazama nikilia, hakuniambia ninyamaze.

Nilimwomba msamaha kwa ajili ya lile jani. Akatikisa kichwa, akasema, muulize baba yako. Sikuelewa. Nilidhani amechoka.

Jani lenyewe lipo wapi? Litupe. Mpe mnunua chuma chakavu alipeleke mbali. Sitaki kuja siku moja nilikute.

Mwanao,
Generosa


Ngokolo
30 Novemba 2024

Kwako Mama Asteria,

Siku zile za msiba wa mama yako nyumba ilikuwa imejaa watu, na wewe ulikuwa jikoni na wanawake muda wote, sikupata nafasi ya kuzungumza nawe. Na mazungumzo na kiziwi si ya kufanyika mbele ya watu. Umeondoka jana, na leo nimekaa mezani na barua yako ya tarehe kumi na nne, ambayo ilifika yeye akiwa bado anapumua. Zipora alimsomea. Sehemu ya pembe za shuka aliomba isomwe mara mbili.

Nianze na safari ya kurudi, maana hukuiona. Ile kamba haikuvutwa hata mara moja. Kule mbele ya Kakola, kwenye yale mashimo, niliogopa nikasimama mwenyewe nikageuka. Alikuwa amesinzia. Mwanamke huyu nimemwendesha miaka arobaini, hajawahi kusinzia ndani ya gari langu, alikuwa anasema mimi ni dereva wa kukeshewa. Nikaendelea. Niliposimama Kahama bado amelala, mdomo wazi, mkono wenye kamba umening'inia. Alisema hataki kusinzia, anataka kuiona njia. Lakini ya kwenda alikuwa ameshaiona yote.

Alikaa siku kumi na moja baada ya hapo. Mengine uliyaona mwenyewe.

Sasa lile alilokwambia uniulize. Nilikuandikia kwamba kulitoa jani nilikuwa na spana na mikono, sikulitoa. Ni kweli lakini si kweli yote. Mwaka ule wa 2014, pamba ilipokwisha, nililala chini ya gari nilitoe. Mama yako akaja akanivuta mguu. Akaandika kwa kijiti mchangani: liache, Generosa atakuja Desemba. Nikaliacha. Mwaka uliofuata nikajaribu tena, akanificha spana. Alisema tukilitoa huyu mtoto hatakuwa na kazi ya kumleta nyumbani. Ulikuwa unakuja siku moja, unalala, unaondoka na basi la asubuhi, na kila ukiondoka alisema labda mwakani atakaa alitoe. Mgongo wake ulikuwa unalalamika kwenye kiti kile miaka tisa kabla haujavunjika. Nilimwambia. Alisema sio sana.

Sijakuandikia haya ili uumie. Nimebishana na nafsi yangu siku nzima kama nikuandikie. Lakini yeye alisema uulize, kwa hiyo alitaka ujue. Uliomba msamaha kwa ajili ya kipande cha chuma, na kwake chuma kile hakikuwa kosa lako. Kilikuwa ahadi yako, na alikuwa anaikalia.

Siwezi kulitupa jani. Lipo nyuma ya mlango wa chumba chake, mahali alipolitaka likae. Nimelipaka mafuta lisishike kutu.

Kesho ni Desemba. Njoo ulitoe.

Baba yako,
Januari